Mtu Mmoja wa Mtaa Mtupu

Kibaba kikijaa, haba na haba hupotea. Nyumbani methali hii husemwa kinyume chake, na nilipokuwa darasani niliiandika ubaoni mara nyingi, kwa mwandiko mzuri, bila kuuliza punje ya kwanza iliyotiwa kibabani ilikwenda wapi. Jumlani ndiko nilikojifunza kuuliza.

Sitaeleza nilivyofika. Njia ya kwenda Jumlani haina la ajabu, na wanaosimulia sana njia mara nyingi hukosa la kusimulia wakifika. Afadhali nieleze mwanga, maana asiyeuelewa mwanga wa nchi ile hataelewa sheria zake.

Mwanga wa Jumlani ni mnene. Huja kwa mawimbi, na kila wimbi ni pana kuliko mtu. Kwetu mwanga humgonga mtu ukarudi machoni pa mwenzake pamoja na sura yake. Kule humpita juu na pembeni, kama maji ya mto yanavyoipita kokoto moja, na kinachorudi ni kidogo mno. Ukisimama mbele ya mtu wa Jumlani mchana kweupe humwoni. Unaona weupe tu, na pengine unahisi kwamba weupe ule umesita kidogo mahali fulani.

Kwa sababu hiyo kuna rangi. Mtoto akitimiza miaka saba hupelekwa Ofisi ya Rangi, akapakwa kutoka utosini hadi nyayoni rangi ya kijani inayong'aa yenyewe. Tangu siku hiyo huonekana. Huonekana kama doa la kijani lisilo na pua wala tabasamu, lakini huonekana, na sheria ya kwanza ya nchi inasema: Aliyepo ni aliyepakwa.

Rangi yenyewe ni nzito. Hukakamaza vidole, na hufunika masikio kwa gamba gumu, hata watu wa Jumlani wakizungumza hupiga kelele, na sauti nyembamba hawaisikii kabisa. Tena rangi hupauka. Haipauki kwa jua wala kwa mvua. Hupauka kwa kutazamwa. Anayetazamwa sana hupauka upesi, na asiyetazamwa na mtu hung'aa mpaka uzeeni. Watumishi wengi wa serikali yao wanang'aa sana.

Aliyepauka ana miezi mitatu ya kurudi kupakwa. Asiporudi, jina lake hufutwa, na yeye mwenyewe, ambaye kisheria hayupo tena, huhamia mahali panapoitwa Mtaa Mtupu, ambapo kisheria hapakai mtu.

Mkuu wa Rangi aliitwa Bwana Masesa. Alinipokea ofisini kwake akizungumza na kiti kilichokuwa kando yangu, kwa kuwa kiti kilikuwa kimepakwa nami sikupakwa.

"Mgeni ana siku kumi," alikiambia kiti. "Siku ya kumi apakwe au aondoke. Umesoma?"

"Nina stashahada," nilipaza sauti.

"Ya rangi?"

"Ya lugha."

"Basi hujasoma, lakini karibu."

Akanipa viatu. Viatu vyote vya Jumlani ni vya kipimo kimoja. Walipima miguu yote ya nchi kwa pamoja, wakagawanya, wakapata mguu mmoja wa haki. Nilivaa, nikaona vinanipwaya mbele na kunibana nyuma.

"Havinitoshi, Bwana Masesa."

"Havimtoshi mtu yeyote. Vinamtosha Mtu wa Wastani."

"Na yeye anakaa wapi?"

"Tunamtafuta," alijibu, bila mzaha wowote.

Nilipangiwa kulala kwa Bi Kalunde, mama wa makamo aliyekuwa msaga lenzi. Nilifika mlangoni pake saa nne asubuhi nikasimama, nikijiuliza nipige kelele kiasi gani ili nisikike. Kabla sijafungua kinywa aliita kutoka ndani, jicho lake likiwa nyuma ya lenzi iliyoelekea mlangoni.

"Ingia, mwanangu. Usisimame hapo. Una wasiwasi, unatikisika kama jani."

Alikuwa mtu wa kwanza Jumlani kunielekezea uso. Mwenyewe alikuwa doa la kijani tu, lakini doa lile lilinigeukia mimi, si kiti. Sikujua mpaka wakati ule kwamba asubuhi nzima ya kutotazamwa inaweza kumuuma mtu kama njaa.

"Shikamoo, mama."

"Sisikii, lakini marahaba," alisema. "Sogea hapa dirishani."

Dirisha lake lilielekea Mtaa Mtupu. Mbele yake alikuwa amesimamisha hadubini ya mikono yake mwenyewe juu ya kinara cha miguu mitatu, na mbele ya hadubini palikuwa na kipande cha kioo safi. Aliniambia nitazame.

"Unaona nini?"

"Weupe!"

"Mimi niliona weupe miaka minne. Sikiliza. Mwanga unaorudi kutoka kwa mtu ni hafifu. Ukiusubiri peke yake utazeeka. Lakini kioo hiki nacho hurudisha mwanga, tena mwingi. Wenzangu wanasaga lenzi za kuuzuia. Mimi nauacha. Nauacha ule hafifu uje uukute huu wenye nguvu. Umewahi kuona viwimbi viwili vikikutana kwenye beseni? Mahali pengine vinaongezana, mahali pengine vinauana. Panapouana pana tone la giza. Tone hilo ni mtu."

"Lakini kioo kina mikwaruzo," nilipiga kelele. "Kina vumbi. Utajuaje tone la mtu na tone la vumbi?"

Alicheka. "Baraza zima halijawahi kuniuliza swali hilo. Asubuhi nachora kila ninachokiona: mkwaruzo, vumbi, ufa. Baadaye nachora tena, kisha natoa cha asubuhi katika cha sasa. Kilichoganda kinaondoka. Anayebaki ni aliyesogea. Vumbi la kiooni halina pa kwenda."

Nilitazama tena. Nilikaa mpaka shingo ikauma. Ndipo nikaona: tone dogo, jeusi kama ncha ya kalamu, likitetema ndani ya weupe. Halafu la pili, jepesi kuliko la kwanza. Halafu kumi. Halafu nikaacha kuhesabu.

"Mzito huacha tone jeusi zaidi," alisema begani kwangu. "Na hakuna anayesimama tuli kule. Hewa yenyewe inawasukuma. Mdogo husukumwa zaidi. Nikimtazama mtu muda wa kutosha namjua uzito, namjua umbo, na sijamgusa wala kumtia hata nukta ya rangi." Akaigeuza hadubini kidogo. "Yule wa kushoto, karibu na kisima. Mwepesi. Asiyetulia. Hata akila alikuwa hatulii."

Huyo alikuwa Nyamizi, binti yake wa pekee. Bi Kalunde alinieleza habari yake akiwa ameinamia jiwe lake la kusagia, bila kunitazama. Nyamizi alipopakwa akiwa na miaka saba, mama alimtazama. Alimtazama akila, akicheza, akilala. Wengine walichukua miaka kumi kupauka. Nyamizi alipauka katika miaka miwili. Alirudishwa akapakwa tena, akapauka tena. Mara nne. Mara ya tano alikuwa binti mkubwa, naye alikuwa amegundua kwamba rangi inapoisha vidole vinalainika, na kwamba vidole laini vinaweza kusuka ukili. Alikataa kurudi. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja.

"Mimi ndiye niliyempausha," Bi Kalunde alisema. "Sheria haikunikosea. Nilimtazama mno."

Siku zilizofuata nilikwenda Mtaa Mtupu kila mchana. Mipaka yake ni kamba moja iliyofungwa kwenye vigingi, na hakuna askari, kwa kuwa halindwi asiyekuwapo. Ndani sikuona mtu, ila nilisikia. Ewe msomaji, sijawahi kusikia mtaa wenye maneno mengi kama ule. Watu mia tatu na zaidi walikuwa wakiuziana, wakitaniana, wakiimbiana kwa sauti za chini, sauti nyembamba zisizopita gamba la rangi. Nami ambaye sikuwa nimepakwa nilizisikia zote.

Nyamizi alinijua kwa mnuso wa kwanza.

"Wewe unanukia kwa mama," alisema, akanishika mkono. "Unanukia mafuta ya kusagia lenzi."

Sikumwona hata siku moja. Nilimjua kwa vidole vyake, vilivyokuwa vyepesi na vyenye haraka, na kwa mazoea yake ya kuanza jambo la pili kabla hajamaliza la kwanza. Mama yake angeweza kumwona asimsikie. Mimi niliweza kumsikia nisimwone. Kwa hiyo nikawa mpelekaji wa maneno. Nilibeba habari za ukili kutoka mtaani na kuzipaza dirishani, nikabeba maswali kutoka dirishani na kuyanong'ona mtaani. Amekula nini? Anakohoa bado? Kwa nini juzi hakwenda kisimani?

"Mwambie juzi nilikuwa mvivu," Nyamizi alisema. "Na mwambie apunguze kunichungulia, ataharibu macho."

Nilipompelekea, Bi Kalunde alilishikilia neno "mvivu" kama mtu aliyepewa zawadi.

Siku ya saba ikatoka amri. Ofisi ya Rangi ilihitaji bwawa la kuoshea brashi, na wataalamu walikuwa wamechagua mahali penye bonde zuri na pasipo na wakazi. Maji yangefunguliwa siku ya kumi na moja. Mahali penyewe palikuwa Mtaa Mtupu.

Bi Kalunde alibeba hadubini yake mgongoni hadi barazani, nami nikabeba kinara. Kanuni ya Jumlani ni kwamba penye doa moja la rangi pana mtaa. Kwa hiyo alihitaji kuthibitisha mtu mmoja tu, na maji yasingefunguliwa.

Bwana Masesa, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa baraza, alimsikiliza kwa adabu.

"Mama, unasema umemwona mtu mmoja."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mmoja!" Ukumbi ukacheka. "Mmoja si idadi, mama yangu. Tuletee elfu, tuwakoroge pamoja, tupate wastani, hapo tutazungumza."

"Sikuzaa wastani," Bi Kalunde alisema. "Nilizaa Nyamizi."

Diwani mmoja, mwenye huruma kuliko wengine, alikubali kuinama kwenye hadubini, iliyoelekezwa dirishani upande wa Mtaa Mtupu. Alikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Naona kitone," alisema.

"Kina rangi?" mwenyekiti aliuliza.

"Hakina. Ni cheusi. Kinatikisika."

"Kina rangi au hakina?"

"Hakina."

"Basi hukuona kitu."

"Sikuona kitu," diwani alikubali, akarudi kukaa. Lakini niliona doa lake likigeuka geuka kuelekea dirishani mara mbili.

Ukazuka mjadala. Wengine walisema kuangalia bila rangi ni kinyume cha adabu. Wengine walisema chombo ni kizuri, ila kingefaa zaidi kama kingetumika kwa watu waliopakwa, ambao hawana shaka. Saa ya tatu ya mjadala likatolewa pendekezo ambalo kila upande ulilipigia makofi kwa hekima yake: kwamba huyo Nyamizi apakwe kwanza, ili baraza liweze kuhakikisha kuwa anaonekana bila kupakwa.

Likapita bila kupingwa. Hata Diwani wa Mlimani hakupinga. Yeye ni jabali lililomwagikiwa ndoo ya rangi miaka ya nyuma, likahesabiwa, likachaguliwa, na halijawahi kukosa kikao. Husemwa atakuwa waziri.

Jioni ya siku ile Bi Kalunde alikaa kitako sakafuni na mikono yake ya kijani mapajani.

"Nenda kamwambie," alisema. "Mwambie nimeulizwa. Usimwambie akubali." Nikainuka. "Ngoja. Mwambie akikubali nitaona uso wake ukiingia mlangoni kwangu. Hata kama ni doa. Doa lake." Nikafika mlangoni. "Mwanangu, ngoja. Hilo la mwisho usimwambie."

Nilipofika kwa Nyamizi alikuwa akisuka. Nilisikia mchakacho wa ukili.

"Alikutuma useme nini?"

"Alisema mambo mawili, akafuta moja."

"Alifuta lipi?"

Nikamwambia, pamoja na habari ya kupakwa na ya bwawa. Mchakacho wa ukili ukakoma. Alicheka kidogo, kicheko kisichofika mwisho.

"Vidole hivi vilichukua miaka miwili kulainika," alisema. "Lakini hapa wapo watu mia tatu. Na yeye yupo peke yake na bomba lake lile. Nitakwenda."

"Ukipakwa hutanisikia tena."

"Sitasikia mtu. Basi nisemee vizuri."

Siku ya tisa, wapaka rangi wawili walisimama nje ya kamba na ndoo zao. Walikuwa vijana wa kazi, wakitaniana juu ya nani amechafua viatu vya nani. Mmoja akaita kwa kelele, "Aliyetajwa ajitokeze!"

Nyamizi alikuwa amenishika mkono. Tulitembea pamoja hadi kwenye kamba, naye alikuwa akinipa maneno ya kupeleka, kwa haraka, maana baada ya hapo yeye na mama yake wangekuwa wote na masikio ya gamba. "Mwambie mama kwamba mimi," alisema, na mimi nikavuka kamba.

Sikuwa nimepanga. Nilijua tu kwamba vijana wale hawakuwa wakimngoja Nyamizi. Walikuwa wakingoja mahali pa kupaka. Hawakuuliza jina. Wa kwanza alipapasa hewa, akanipata bega, akasema, "Huyu hapa, mwembamba," na brashi ikashuka utosini. Rangi ilikuwa baridi. Ilifika masikioni Nyamizi akiwa katikati ya sentensi yake, na sentensi ikakatika. Nilihisi vidole vyake vikinivuta mkono kwa nguvu, kisha rangi ikafika mkononi, nikaacha kuvihisi.

Kama aliita, sikusikia.

Barazani kila mtu alifurahi kuniona. Bwana Masesa, kwa mara ya kwanza, alizungumza nami badala ya kiti. Karani akasimama kumsomea Bi Kalunde kanuni: kwamba akisema huyu ndiye, Mtaa Mtupu utaandikwa kuwa na mkazi mmoja, na bwawa litachimbwa kwingine, na kwamba chombo chake kitachukuliwa na kufungiwa ghalani, kwa kuwa aliyepata hana haja ya kutafuta.

"Unaelewa, mama?"

"Naelewa."

"Basi tazama utuambie."

Aliinama kwenye hadubini. Ukumbini pale, mbele ya watu wote, alikuwa ndiye pekee aliyeweza kutofautisha mtu na mtu. Alikuwa amenitazama siku tisa nikila mezani kwake. Alijua uzito wangu na alijua ninavyotikisika. Nilisimama nikajitahidi kutotulia, nikajisogeza kushoto, jambo ambalo nadhani lilikuwa la kijinga kuliko yote niliyowahi kufanya.

Alitazama muda mrefu. Mgongo wake ulipanda na kushuka mara moja. Halafu aliigeuza hadubini taratibu kuelekea dirisha la ukumbi, upande wa Mtaa Mtupu, akatazama huko pia, na hakuna aliyemkataza, kwa sababu hawakujua kwamba palikuwa na kitu cha kutazamwa. Makarani wakaanza kukohoa. Yeye aliendelea kutazama.

Alipoinuka aliifunika lenzi kwa kiganja.

"Ndiye," alisema. "Huyu ni mwanangu."

Wakaichukua hadubini palepale.

Nyumbani tulikaa pande mbili za kinara kitupu. Ilibidi tupigiane kelele, mimi na yeye, kwa mambo ambayo hayafai kupigiwa kelele.

"Alisema nini?"

"Alianza kusema! Sikusikia mwisho!"

"Alianzaje?"

"Mwambie mama kwamba mimi!"

"Kwamba mimi," Bi Kalunde alirudia, si kwa kelele. Nilijua tu kwa namna doa lake lilivyoinama. Akaliweka neno lile mahali fulani ndani yake, na hakuuliza tena. Kesho yake niliondoka. Alinisindikiza mpaka kwenye kamba, akasimama akitazama weupe kwa macho matupu. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa bado pale, na mabega yake, ambayo kwa miaka kumi na mmoja hayakutazamwa na mtu, yalikuwa yaking'aa.

Huku kwetu rangi ilitoka baada ya miezi michache. Watu walinitazama vya kutosha. Masikioni haijaisha. Sauti nyembamba hunipita mpaka leo, na wapo wanaodhani nina kiburi kwa sababu hawajui kwamba sijawasikia.

Mwezi uliopita nilipata barua ya Ofisi ya Rangi. Karani mmoja mwenye bidii amegundua kwamba jalada la mgeni fulani halikufungwa: hakupakwa, wala hakuondoka. Amefikiri miaka miwili, amenipata. Barua ni ya upole. Hawataki kuniadhibu. Wanataka niombe radhi kwa maandishi, kwenye fomu waliyoiambatisha, ili jina la mkazi wa Mtaa Mtupu lifutwe kihalali, maana bonde jingine halikupatikana, kazi ya bwawa imesimama na brashi zinakauka. Wanaongeza kwamba nikiomba radhi, Bi Kalunde atakuwa hajapata tena, na hivyo atarudishiwa hadubini yake. Hawasemi atatazama nini.

Nimeisoma barua ile mara nyingi kuliko inavyostahili, kwa ajili ya mstari huo mmoja. Najua mama yule anavyokaa dirishani. Najua angetoa nini kuliona tone lile kwa nusu saa. Najua pia kwamba aliinama akanitazama, akajua mimi si yeye, akasema ndiye, na hakuna mtu mwenye haki ya kulifuta neno lake hilo kwa kalamu yangu.

Fomu nimeirudisha. Mahali pa sahihi sikuweka kitu. Mahali pa maelezo niliandika kwamba nilidanganya kwa makusudi, nikiwa na akili timamu, na kwamba ningefanya hivyo tena kesho. Siombi radhi.